Chuma cha Adela

Adela alikufa Jumanne. Kesho yake asubuhi binti yake, Neema, alinipigia simu kutoka Ntoto. Habari ya kifo nilikuwa nimekwisha kuipata, nikaanza kumpa pole, naye akanikatiza. "Mama Vero, sanduku inakataa miguu ya mama." Nikamuuliza inakataa namna gani. Akasema seremala ameleta sanduku la kawaida, refu na jembamba, na magoti ya mama hayashuki. Kuna vijana wanaosema watayalazimisha, maana maiti hasikii kitu. Nikamwambia mtu yeyote asiguse yale magoti mpaka nifike, na anayetaka kuyagusa anisubiri, aniambie mwenyewe machoni. Kisha nikaketi kitandani kuvaa kiatu changu cha kushoto, kile chenye soli nene, na kwa hasira kamba ikanishinda kufunga. Ilibidi mjukuu wangu aje anifungie.

Mimi ni mwanamke wa hasira, sikatai, na uzee haukuipunguza. Kutoka Kashebere nilipanda pikipiki, na njia ya Ntoto wakati wa mvua mnaijua: tope, mawe, tena tope. Kijana aliyeniendesha aliniita bibi kwa lugha yetu, "Tate, shika nguvu," nami nikamjibu aangalie mbele, tate wake nimeshika nguvu tangu kabla baba yake hajazaliwa. Sikuwa naenda kulia. Nilikuwa naenda kulinda magoti ya rafiki yangu. Nilikuwa nayajua kuliko wanawe, maana tulikuwa wasichana wadogo, hata maziwa hayajatuota, tulipolazwa kitanda kwa kitanda katika hospitali ya misioni, huko juu kwenye vilima vya Masisi, miaka ile ya hamsini, Wabeleji wakiwa bado wametukalia. Mwaka ule mmoja ndio ulionifanya mimi mtu wa kutembea, ukamfanya Adela mtu wa kutambaa. Watu husema ilikuwa bahati tu, huyu alipata na yule akakosa. Wapi! Nilikuwapo, niliona kwa macho yangu.

Homa ilipita vijijini mwetu ikachagua watoto. Wengine iliwazika, wengine iliwarudisha, lakini ikabaki na miguu yao. Kwangu ilichukua mguu wa kushoto. Adela ilimchukua yote miwili, ingawa wa kulia ilimwachia uhai kidogo. Mtoto aliyelala mgonjwa hukunja magoti, ndivyo anavyosikia nafuu, na nyumbani hakuna aliyejua kwamba magoti yakiachwa hivyo muda mrefu yanasahau njia ya kurudi. Nilipofikishwa Masisi ndani ya kikapu, kwenye mgongo wa dada yangu Marta, goti langu lilikuwa limefika karibu na tumbo na haliondoki. Ninakumbuka baridi kwanza. Sisi watu wa pori hatukuijua baridi ile, ukungu unaingia dirishani kama mtu wa nyumba, na sakafu ya simenti ambayo mtu hawezi kuikanyaga asubuhi. Chumba kilikuwa kirefu, kuta za chokaa, vitanda vya chuma pande mbili, na chini ya kila kitanda mkeka wa mlinzi. Hospitali ilikupa kitanda na dawa. Mtu wa kukupikia, kukuosha na kukupeleka haja ulikuja naye mwenyewe. Mlinzi wangu alikuwa Marta. Mlinzi wa Adela alikuwa tate wake, bibi mzaa mama, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na alama ya kamba ya kikapu kwenye paji la uso, alama iliyozama kabisa katika ngozi. Jina lake sikulijua hata siku moja. Chumba kizima kilimwita Tate.

Aliyetutibu alikuwa mtawa wa Kibeleji, Masera Godeliva, mrefu, mikono mikubwa ya mkulima, na Kiswahili chake alichokichuma jikoni na bustanini. Siku ya kwanza alitukalisha pamoja, watoto na walinzi, akachukua ukanda wa mpira uliotoka kwenye tairi la baiskeli, akauvuta, akauachia. "Nyama ya mutoto iko hivi," akasema. "Mufupa inakua kila siku. Nyama inafuata mufupa kama unaivuta. Ukiiacha inakunjama, inasema, bon, hapa njo kwangu. Inabaki pale. Haitoke tena." Akaeleza kazi yenyewe: vitambaa vya maji ya moto asubuhi, kukandwa, kisha mguu unalazwa juu ya ubao na kufungwa bandeji kutoka pajani mpaka kwenye kifundo, na goti linakazwa kidogo zaidi kila wiki, mchana na usiku, bila kufunguliwa. Na ile nyama iliyokufa je, akauliza Marta. Masera akasema iliyokufa haifufuki, lakini iliyobaki hai pembeni yake itafundishwa kazi ya zote mbili. Mtoto anajifunza upesi, nyama yake nayo ni mtoto. Goti likinyooka, fundi wa karakana ya misioni atatengeneza chuma cha kushika mguu, na mtoto atasimama. Goti lisiponyooka mpaka Pasaka, kitanda kitapewa mwingine, kwa maana chuma hakivaliwi na goti lililokunjika. Tate alisikiliza yote haya akiwa amekaa sakafuni, mikono mapajani.

Maumivu yenyewe sitayapamba. Usiku wa kwanza juu ya ubao nililia mpaka nikatapika. Nyuma ya goti palikuwa panawaka, na kila nilipotaka kujikunja ubao ulinirudisha. Watoto wote wa upande ule wa chumba walikuwa wanalia hivyo, kila mmoja kwa zamu yake, na walinzi wananyamazisha. Dada Marta hakunibembeleza. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mpofi kabla ya homa, harusi ikangojeshwa kwa ajili yangu, na kila wiki niliyobaki kitandani ilikuwa wiki moja zaidi ya yule kijana kutazama wasichana wengine. Kwa hiyo bandeji yangu ikilegea hata kidole kimoja, Marta aliikaza, tena kwa goti lake juu ya ubao. "Lia," aliniambia. "Lia tu, lakini nyooka. Sitazeekea hapa kwa sababu ya mguu yako." Nilimchukia mwaka mzima. Leo nikipanda ngazi ya kanisa namwombea.

Masera alikuwa na penseli nyekundu. Kila wiki, siku ya kukaza, alilaza mguu wetu kandokando ya ukuta na kuweka alama pale kisigino kinapofika. Alama zangu zilianza kuteremka kidogo kidogo kuelekea mwisho wa kitanda. Za Adela zilirundikana mahali pamoja, moja juu ya nyingine, mpaka ukuta ukawa na doa. Masera alizikodolea macho, akakanda nyuma ya goti lile kwa vidole vyake, akatikisa kichwa. "Nyama ya huyu mutoto iko kichwa nguvu," akasema. Mimi nililala kitanda cha jirani, nikanyamaza. Walinzi wote walikuwa wanatazama dirishani.

Kwa sababu kila siku baada ya chakula cha mchana, masera walipokwenda kwao kula na kupumzika, na kengele ya alasiri haijalia, Tate alikuwa anapanda kitandani kwa mjukuu wake na kumfungua. Hakufanya kwa kificho wala kwa haraka. Alizungusha bandeji kidogo kidogo akiikunja mkononi, akaweka ubao pembeni, akamimina mawese kutoka kibuyu chake katika kiganja, akasugua miguu yote miwili mpaka inang'aa nyekundu. Kisha aliinua magoti ya Adela, akayakunja taratibu mpaka kifuani, akamgeuza ubavu, akamfunika na kikwembe chake, akalala nyuma yake. Adela alitoa pumzi ndefu ambayo bado naisikia. Mtu asiyewahi kufungwa ubaoni hawezi kujua utamu wa goti kukunjwa. Nilimwonea wivu mpaka machozi yakanitoka. Na kengele ilipokaribia, Tate alimrudisha ubaoni na kufunga bandeji sawasawa na Masera, mzunguko kwa mzunguko, isipokuwa haikukaza chochote. Na jioni baada ya sala alifungua tena.

Marta ndiye aliyemwambia Tate, kwenye kibanda cha kupikia nyuma ya chumba, ambako walinzi walikuwa wanasongamana kila jioni na masufuria yao. Pale njo palikuwa na maisha. Wanawake wa vilima walileta maharage na viazi, sisi wa Walikale tulikuwa na mawese, muhogo na nyama ya moshi ikipatikana, na kila mmoja alimcheka mwenzake. "Batu ya pori, munakula manyani," walituambia, nasi tukawajibu kwamba viazi vyao vinajaza tumbo upepo tu, ndiyo maana wanaongea sana. Kisha wanabadilishana, ukopo mmoja wa mawese kwa maharage, na jioni watoto wote tunakula maharage mekundu ya mafuta. Mimi nilikuwa nimelazwa barazani, Marta ameniweka nichungulie moto, na nilisikia kila neno. "Tate," Marta akasema, "unamuharibia ule mutoto. Masera alisema tusifungue." Tate akaendelea kukoroga. "Marta, wewe umezaa?" "Bado." "Umenyoosha maiti?" Marta akasema, "Ee Mama, hapana!" "Basi nyamaza."

Kisha akaeleza, bila kuinua sauti. Kwao, mtu akikata roho, kabla mwili haujakauka, mwanamke mzee wa nyumba humnyoosha miguu, akafunga magoti pamoja na kamba ya mgomba, akafunga na vidole vikubwa vya miguu, ili mtu alale sawa ndani ya mkeka na asirudi kutembea nyumbani. Ndiyo kazi ya mwisho unayomfanyia mtoto wako. Mwaka wa homa kazi ile yote ilimwangukia yeye. Alimnyoosha mama yake Adela. Akawanyoosha wakubwa zake Adela, ndugu waliomtangulia kuzaliwa. "Miguu yao ilikuwa bado moto," akasema. "Na sasa masera ananiambia nifunge huyu vile vile, angali anapumua, anaitaji maji, ananiita. Muntu muzima halalaka vile, amenyooka, amefungwa. Kifo ikipita dirishani inaona mutoto amekwisha kutayarishwa, itafanya nini? Itamuacha?" Mwanamke mmoja wa Masisi, Mkristo wa zamani, rozari shingoni, alitaka kumwambia kwamba hayo ni mambo ya kipagani. Walirudi kuongea habari za bei ya chumvi.

Naandika haya na bado sijui nimweke wapi yule Tate. Nikiwa kijana nilimlaani. Baadaye, nilipozaa na kuzika, nikaacha kumlaani. Hakuwa mjinga. Masera alipomwonyesha namna ya kukanda, alijua siku ileile, na vidole vyake vilikuwa vyema kuliko vya Marta mara nyingi. Alikuwa mtu anayejua jambo moja kwa mikono yake mwenyewe, na mikono ile ilikataa. Lakini nyama ya mtoto haijui huruma ni nini. Inajua tu imekaa wapi siku nzima.

Kwangu ubao ulianza kuzaa. Siku moja Masera aliweka kiganja juu ya paja langu, akaniambia, "Sukuma chini. Sukuma goti kitandani." Nikasukuma kwa kichwa, kwa meno, kwa tumbo, na mguu umelala tu kama wa mtu mwingine. Tukafanya hivyo siku nyingi, na kila siku nilisema hakuna kitu. Halafu asubuhi moja, vitambaa vya moto vikiwa vimeondolewa sasa hivi, kitu kikaruka chini ya ngozi, hapa juu ya goti, kidogo sana, kama samaki anayegusa uzi wa ndoana. Masera akanishika mkono akauweka pale. "Tena." Nikasukuma, kikaruka tena. Nilipiga kelele chumba kizima kikageuka. Adela aliomba aguse naye. Tate akambeba mpaka kitandani kwangu, akagusa, akakaa ameweka mkono pale muda mrefu. "Kumbe iko ndani," akasema. "Yangu pia iko ndani, Vero?"

Ndiyo siku Adela alipoanza kutaka. Mpaka pale alikuwa anapelekwa na siku tu. Karakana ya misioni ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na tukiwekwa barazani kuota jua tulimwona fundi akigonga vyuma. Masera hakungoja goti la Adela linyooke. Alimwita fundi aje achukue kipimo cha mguu wa kushoto kwa uzi, ili, alivyosema, mtoto aone kitu kinachomngojea. Siku chache baadaye kile chuma kilikuwa kinaning'inia kwenye mlango wa karakana, fito mbili na kamba za ngozi, na kiatu cha ngozi kimefungwa chini. Adela alikiangalia kutwa. "Ile iko yangu," aliwaambia watoto wa vilima waliokuwa wanatembea kwa miguu yao na hawajali. Na mchana ule Tate alipopanda kitandani na kushika ncha ya bandeji, Adela akamshika mkono. "Tate, usinifungue."

Tate akasimamisha mkono. "Unaumwa."

"Naumwa. Usinifungue tu."

"Mutoto yangu, unajua unafanana na nani ukilala vile?"

"Najua. Uliniambia. Mi nataka chuma yangu."

Tate alishuka kitandani. Alikaa kwenye mkeka wake, akageukia ukuta, na mgongo wake mpana ulikuwa unatikisika, lakini hakufungua. Siku ile hakufungua, wala kesho yake, wala wiki ile. Mchana alikuwa anatoka nje kabisa, akaketi kwenye majani asimwone mjukuu wake amelala, na Adela akawa analia kama mimi nilivyolia zamani, nami nikawa namwambia, kwa ukali wa Marta, lia tu lakini nyooka. Siku ya kukaza, Masera aliweka kisigino kwenye ukuta na penseli ikaandika chini ya lile doa. Wiki iliyofuata, chini zaidi. Masera alimbusu Adela kichwani, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya kwa mtu. Tate aliitwa kuja kuangalia. Aliangalia ile mistari miwili myekundu, akaipapasa kwa kidole. "Basi," akasema. "Bon." Ni mara ya pekee nilimsikia akisema neno la Kizungu.

Karibu na mlango alikuwa amelazwa mtoto mdogo wa kiume, Dezire, mtoto wa mama wa vilima. Yeye si miguu, ilikuwa kifua. Alikufa asubuhi, mama yake amekwenda mtoni kuteka maji, chumba kizima kimeamka. Masera alikuja mbio, akainamia kitanda, akapiga ishara ya msalaba. Hakutaka mama amkute mtoto amejikunja vile, nadhani ilikuwa wema tu. Akamlaza chali, akamnyoosha miguu. Akatia mkono katika mfuko wa aproni, akatoa bandeji. Bandeji yetu. Ileile nyeupe, pana, yenye mistari pembeni, waliyotufunga nayo kila siku. Akaizungusha magotini mwa Dezire, kisha kwenye vifundo, akafunga fundo lilelile dogo alilotufunga sisi. Niligeuka nikamwona Tate. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na sufuria ya uji wa Adela mkononi. Aliiweka sufuria sakafuni polepole, uji usimwagike.

Akaenda kitandani akamfungua Adela. Alikunja zile bandeji vizuri, akaziweka juu ya ubao, maana hakuwa mwizi. Adela alipoelewa alianza kumpiga kwa ngumi, mgongoni, mabegani, "Tate hapana, Tate hapana," na yule mama anapigwa tu na kuendelea, anakunja kikwembe, anachukua kibuyu, anafunga kikapu. Masera alimkuta barazani, kikapu kimekwisha kuwa mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Alimshika mkono. "Mama, bado kidogo! Iko karibu. Umeona ukuta!" Tate akamtazama. Wote wawili walikuwa wanalia, ni ajabu kusema, na sidhani kama kila mmoja alijua mwenzake analilia nini. "Masera," akasema, "ile kazi unafanya mule ndani mi naijua. Nilinyoosha mama yake. Nilinyoosha bakubwa yake. Huyu hapana. Huyu atanizika miye, hatanitangulia. Atambae, lakini akuwe muzima." Akashuka njia ya Walikale. Adela alikuwa ndani ya kikapu anatazama nyuma, magoti kifuani, na kabla hawajapinda kona akapiga kelele kwa sauti ambayo hospitali yote ilisikia: "Vero! Uniwekee chuma yangu!"

Masera alituma mtu kuwafuata, akarudi peke yake. Pasaka ikaja. Goti langu lilikuwa limefika chini, na fundi alikuwa na kazi nyingi. Masera aliingia na kile chuma mkononi, kilichokuwa kinaning'inia mlangoni tangu Adela aondoke, akakipima mguuni mwangu. Tulikuwa wa kimo kimoja, na mguu wangu mbaya ulikuwa wa kushoto. Nikasema hicho si changu. Marta akanifinya. Masera akafunga kamba za ngozi moja moja, akanishika kwapani, akanisimamisha. Nilisimama. Nilikuwa nimesahau jinsi chumba kinavyoonekana ukiwa juu. Watoto walipiga makofi, Marta akapiga vigelegele na kulia na kucheka, na mimi nilikuwa naangalia doa jekundu ukutani na ile mistari miwili chini yake. Nilitembea mwaka ule na baadaye kwa chuma cha Adela, mpaka mguu ukakizidi na misioni ikakichukua kumpa mtoto mwingine. Marta aliolewa Mpofi. Yule kijana alikuwa amengoja, kumbe.

Tulionana tena tumekwisha kuwa wasichana wakubwa, sokoni Kashebere. Alikuwa anatembea kwa mikono na magoti, magoti ameyafunga vipande vya tairi, anauza mawese na anatukana wateja. Nilipomwona nilitaka kujificha. Akanipigia kelele watu wote wasikie: "Vero! Chuma yangu iko wapi?" Nikasimama na mguu wangu. Mwishowe nikasema, "Bado natembea nayo." Alicheka mpaka akalala chini katikati ya vibuyu vyake. Tangu siku hiyo ndiyo ikawa salamu yetu, miaka yote, katika harusi, katika vilio, hata katika vita tulipokutana mafichoni porini, yeye akiwa amebebwa mgongoni na wanawe: chuma yangu iko wapi, bado natembea nayo. Alizaa, akalea, akajenga nyumba ya mabati. Tate aliishi mpaka akapofuka. Alipokufa, Adela alitambaa mpaka kitandani kwake akamnyoosha miguu mwenyewe, akaifunga. "Alisema nitamuzika," aliniambia. "Alishinda, yule mama. Alishinda na mi nikakosa." Hakusema kwa uchungu siku hiyo. Siku nyingine alisema kwa uchungu mwingi.

Ntoto nikakuta sanduku uani, watu wamelizunguka. Vijana walisimama niliposhuka kwenye pikipiki na fimbo yangu. Niliingia kwanza kwa Adela. Walikuwa wamemlaza chali na magoti yamesimama juu chini ya kikwembe. Nikaingiza mkono nyuma ya goti. Ile mishipa ilikuwa palepale, migumu, imekaa kule ilikoambiwa ni kwao tangu utoto wetu. Hapo nikalia. Kisha nikatoka nikamwita seremala, kijana mdogo, nikamwuliza kama sanduku lake lina mama. Akasema hapana. "Basi hilo libomoe, uliunde tena. Huyu ana mama, ana tate, ana watoto. Huyu hatavunjwa." Alilibomoa. Jioni lilikuwa fupi na pana, kama sanduku la nguo, watoto wakalishangaa. Tulimlaza ubavu, magoti kifuani, tukamfunika kikwembe, kama mchana ule baada ya kula. Mwanamke mmoja mzee wa ukoo alileta kamba ya mgomba apate kumfunga walau magoti, maana ni desturi. Niliichukua mkononi mwake, nikaitia mfukoni.

Kaburini waliniambia nisimame mbali na ukingo kwa sababu ya mguu. Sikuwasikiliza. Nilishika udongo, nikangoja. Nilingoja kama ninavyongoja siku zote tunapokutana, yeye ndiye huanza. Watu wakaanza kunitazama. Nikatupa udongo.

"Bado natembea nayo, Adela," nikasema.